Kuchagua Risasi za Kujilinda kwa Revolva ya Mtutu Mfupi

Mama mmoja mwenye duka la jumla Kariobangi alikuja uwanja wa shabaha wa Kirigiti, Kiambu, Jumamosi moja asubuhi. Alikuwa na revolva yake ndogo ya mtutu wa inchi 2 na boksi la risasi lililokuwa bado limefungwa. "Mwalimu," akaniambia, "nimeambiwa hizi ndizo kali kuliko zote." Nikamjibu, "Haya mama, twende tuzione." Ya kwanza ilipiga kona ya karatasi. Ya pili haikugusa karatasi kabisa, na tulikuwa mita 5 tu. Ya tatu alifumba macho kabla hajamaliza kuvuta triga. Baada ya ya nne aliiweka bastola mezani, akausugua mkono, akasema hataki tena.

Nikamwomba atoe boksi lake la mazoezi, lile la risasi laini zenye vichwa bapa kama chaki iliyokatwa kwa wembe. Akapumzika kidogo, akajaza 5, akapiga. Zote 5 ziliingia ndani ya duara ambalo ungelifunika kwa kisahani cha chai. Aliziangalia zile karatasi mbili kwa muda, akaniuliza kwa nini hakuna aliyemwambia mapema.

Nimeandika haya kwa ajili yake na kwa yeyote aliye na cheti halali cha silaha hapa Nairobi, mwenye revolva ndogo mkononi, anayeuziwa risasi kwa sifa za boksi. Msimamo wangu nautoa mapema: kwenye mtutu mfupi, chagua risasi ambayo mkono wako unaiweza, inayofika ndani ya kutosha, na inayowaka kila mara kwenye bastola yako. Ukali wa jina uje baada ya hayo matatu, kama utakuja.

Hatua ya 1: Soma mtutu, kisha soma cheti

Usianzie dukani. Anzia nyumbani, bastola ikiwa tupu. Fungua silinda, toa risasi zote, zihesabu, zipeleke chumba kingine, kisha rudi ukague kila tundu la silinda kwa jicho na kwa kidole. Ndipo usome maandishi yaliyochongwa ubavuni mwa mtutu.

Revolva nyingi za aina hii huandikwa .38 Special au .357 Magnum. Risasi ya .38 Special ni ya zamani, ilitoka kwa Smith & Wesson mwaka 1898. Ile ya .357 Magnum ilikuja katikati ya miaka ya 1930, na ganda lake lilirefushwa kwa milimita 3 hivi makusudi, ili mtu asiweze kuisukuma ndani ya bastola dhaifu. Kwa hiyo bastola ya .357 inapiga risasi zake na za .38 Special pia. Bastola ya .38 Special haipigi .357, hata siku moja.

Hapa kuna mtego ambao Kenya tunao kuliko wenzetu wengi. Jeshi la Uingereza na vikosi vya polisi vya makoloni vilitumia revolva za Enfield na Webley za kaliba ya .38, na mtu anaweza kujikuta amerithi moja kwa baba au babu, imehamishiwa jina lake kihalali, mtutu umeandikwa .38 tu. Hiyo si .38 Special. Ni .38 S&W, ambayo ganda lake ni fupi na nene zaidi, na risasi zake huwezi kuzibadilishana na za .38 Special. Zipo bastola za zamani za aina hiyo ambazo silinda zake zilichimbwa baadaye ili zipokee risasi ndefu, na maganda hupasukia ndani yake. Ukiona namba .38 bila neno lingine, usijaribu chochote. Ipeleke kwa fundi wa silaha mwenye leseni.

Tafuta pia alama ya +P. Ni risasi ya .38 Special iliyojazwa kwa shinikizo la juu kidogo. Kwa viwango vya SAAMI, chombo cha watengenezaji wa silaha na risasi wa Marekani, ukomo wa .38 Special ya kawaida ni psi 17,000 (psi ni kipimo cha shinikizo) na wa +P ni psi 20,000. Kama mtutu au kijitabu cha bastola yako hakitaji +P, jibu ni hapana. Na ukikutana na boksi lililoandikwa +P+, fahamu kwamba hiyo haina kiwango kilichokubaliwa na SAAMI, liache dukani.

Halafu cheti. Chini ya Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, cheti chako kinataja silaha yenyewe pamoja na kiasi cha risasi unachoruhusiwa kununua na kuwa nacho kwa wakati mmoja. Watu huichukulia namba hiyo kama mapambo. Ndiyo bajeti yako yote. Kama umeruhusiwa risasi chache, huwezi kununua maboksi manne ya aina nne ili ulinganishe, kwa hiyo kuchagua vizuri kabla ya kutoa pesa kunakuwa muhimu zaidi. Namba ikiwa ndogo kiasi kwamba huwezi kufanya mazoezi, omba iongezwe kwa njia rasmi. Umbo la kichwa cha risasi nalo liulizie kwa afisa wa leseni kabla ya kununua, hasa vichwa vyenye tundu, upate jibu lililo wazi. Nunua kwa muuzaji mwenye leseni tu, risiti mkononi, na usikubali risasi moja moja kutoka mfukoni mwa rafiki hata kama ni rafiki wa miaka 20.

Hatua ya 2: Fahamu mtutu mfupi unakunyima nini

Risasi husukumwa na gesi ya baruti inayoungua nyuma yake. Mtutu ukiwa mrefu, gesi inapata nafasi ya kusukuma. Ukiwa wa inchi 2, kichwa kinatoka nje baruti bado inaungua; ndiyo maana unaona ule mwale mkubwa wa moto mdomoni. Moto ule ni nguvu uliyoilipia ikapotelea hewani.

Sasa angalia boksi. Kasi iliyochapishwa kwa .38 Special kwa kawaida imepimwa kwenye mtutu wa inchi 4. Risasi ya kawaida ya greni 158, ambayo ni kama gramu 10, hutajwa kuwa na kasi ya takriban mita 230 kwa sekunde. Kwenye mtutu wako wa inchi 2 itashuka na kukaribia 200. Tofauti hiyo haionekani kwenye karatasi ya shabaha, lakini ni kubwa kwa risasi yenye tundu kichwani, kwa sababu tundu linahitaji kasi ili lifunguke, yaani kichwa kitanuke kikiingia mwilini.

Jambo la pili ni uzito wa bastola. Revolva ndogo ya fremu ya alumini ina gramu 425 hivi. Ya chuma kitupu iko kati ya gramu 550 na 650. Bastola nyepesi hupiga teke zaidi kwa risasi ileile. Ni starehe kuibeba kutwa nzima kwenye matatu na sokoni, lakini ukifyatua, gharama ya starehe hiyo inalipwa na kiganja. Mwenye bastola ya alumini asichague risasi kwa kumsikiliza mwenye bastola ya chuma.

Hatua ya 3: Amua unataka risasi ifanye nini

Tarehe 11 Aprili 1986 maafisa wa FBI walipambana na majambazi wawili mjini Miami, Marekani, na maafisa wawili wakauawa. Moja ya risasi za mapema ilipita kwenye mkono wa jambazi mmoja, ikaingia kifuani, ikasimama karibu na moyo bila kuufikia. Jeraha lile lilikuwa la kufa, lakini mtu yule aliendelea kupigana. Risasi ilikuwa imefunguka vizuri kama ilivyotangazwa. Ilichokosa ni kina.

Kutokana na siku ile FBI waliweka kipimo ambacho mpaka leo watengenezaji wengi hukifuata: risasi ipigwe kwenye jelatini ya asilimia 10, ute ulioganda unaoiga nyama ya mwili, nyingine zikipitishwa kwanza kwenye nguo nzito, na ipenye kati ya inchi 12 na 18, yaani sentimita 30 hadi 45. Chini ya hapo haifiki inapopaswa, hasa ikipitia mkono kwanza. Juu ya hapo kuna hatari ya kutoka upande wa pili ikiwa bado na nguvu.

Kwa mtutu mfupi wa .38 kipimo hiki kinageuka mzani mgumu. Risasi ikifunguka sana, mara nyingi inasimama mapema. Isipofunguka, inapenya kama risasi ya kawaida. Zinazofanya yote mawili kwa wastani ni chache. Ukilazimika kuacha kimoja, acha kufunguka. Kina ndicho cha lazima.

Hatua ya 4: Pima aina zilizopo, moja baada ya nyingine

Duka la silaha Nairobi si supamaketi. Utakuta kilichopo siku hiyo, na pengine miezi 3 baadaye hakipo. Kwa hiyo jifunze aina, usikariri jina la boksi moja.

Ninayoipenda kuliko zote kwa mkono wa kawaida ni ile yenye kichwa bapa, greni 148, iliyotengenezwa asili kwa mashindano ya shabaha. Kichwa chake chote kimezama ndani ya ganda, mdomo ni tambarare, kingo ni kali. Kwenye karatasi inatoboa tundu la duara safi kama lililotobolewa na mashine ya ofisi. Haihitaji kufunguka ili ifanye kazi, hivyo haijali kama mtutu wako ni mfupi wala kama mbele kuna koti zito. Inakwenda taratibu, karibu mita 200 kwa sekunde, na bado inapenya ndani ya kile kipimo cha FBI kwa sababu haipotezi nguvu kwa kujipanua. Teke lake ni dogo. Wapo wanaoidharau kwa kuwa boksi lake huandikwa "ya shabaha". Waache. Mtu mwenye umri, mwenye yabisi ya vidole, mwenye kiganja kidogo, au anayepata muda wa mazoezi mara moja kwa mwezi, hatapata rafiki mwema zaidi ya huyu.

Kasoro zake nazitaja pia. Ni ngumu kuijaza kwa haraka kwa sababu haina ncha ya kuiongoza kuingia kwenye silinda. Nyingi ni madini ya risasi tupu, kwa hiyo mtutu unachafuka na mikono lazima ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika chakula. Na kwa vile baruti yake ni kidogo, sikiliza kila mlio: ukisikia mmoja umetoka dhaifu, simama hapohapo. Kichwa kinaweza kuwa kimekwama mtutuni, na risasi ya pili nyuma yake itapasua bastola.

Ya pili kwa heshima ni greni 158 ya madini ya risasi tupu, yenye bega na tundu kichwani, ya +P. FBI waliitumia tangu miaka ya mwanzo ya 1970, na idara nyingi za polisi za Marekani zikaifuata. Ilibuniwa enzi ya revolva, kwa ajili ya revolva, na kwa kuwa haina koti la shaba hufunguka kwa urahisi kuliko nyingi. Kwenye revolva ya chuma naipenda. Kwenye ya alumini teke lake si mchezo, na kuna hatari nyingine nitakayoieleza kwenye hatua ya 6.

Kisha kuna zilizotengenezwa mahsusi kwa mtutu mfupi. Inayojulikana zaidi ni Speer Gold Dot ya greni 135, +P, ambayo tundu lake ni pana na kasi yake, takriban mita 262 kwa sekunde, imetajwa kwa mtutu wa inchi 1.9. Hilo la kutaja mtutu halisi ni uaminifu ninaotamani kila kampuni iuige. Ukiipata, bastola yako ikiruhusu +P, na ukiweza kuipiga 5 mfululizo bila kushtuka, huna haja ya kutafuta zaidi.

Nyepesi za greni 110 zina teke la kustahimilika. Baadhi, kama Hornady Critical Defense, huzibwa tundu kwa plastiki laini ili kitambaa kisijae ndani. Ni chaguo linalofaa kwa mkono usiopenda +P, ila uwe makini na kina: wepesi na kufunguka vikikutana, risasi husimama mapema. Tafuta matokeo ya jelatini yaliyopimwa kwa mtutu wa inchi 2. Ya inchi 4 hayakuhusu.

Zile za kichwa cha mviringo, zilizovikwa koti la shaba lote, ni za mazoezi. Zinapenya mno, kichwa kinateleza badala ya kukata, na zikigonga jiwe huruka upande usioutarajia.

Na .357 Magnum kwenye mtutu wa inchi 2? Mwale wake usiku unakuacha huoni, mlio wake ndani ya chumba unaumiza masikio, na risasi ya pili inachelewa kwa sababu bastola imepanda juu. Sehemu kubwa ya kasi inayosifiwa huachwa kwenye ule mwale. Nimewaona wanaume wenye mabega kama milango wakishindwa kurudisha bastola kwenye shabaha kwa wakati. Ukiwa na revolva ya .357, ijaze .38.

Hatua ya 5: Angalia kilicho nyuma ya ukuta wako

Kabla hujaamua, simama mahali unapodhani unaweza kulazimika kujilinda, ukiwa bila bastola, utazame kila upande. Nairobi tunaishi kwa kubanana. Nyumba ya mabati Mukuru au Mathare haizuii risasi yoyote niliyoitaja hapa. Vijiduka vya eksibisheni mjini vimetenganishwa kwa mbao na vioo. Fleti za Pipeline zimetazamana dirisha kwa dirisha. Ukuta wa mawe ya kuchonga ni afadhali, lakini mlango wake ni wa mbao na dirisha ni kioo.

Hakuna risasi ya kujilinda inayofika ndani ya kutosha mwilini ambayo itashindwa na bati. Tusidanganyane hapo. Kinacholinda watoto wa jirani ni kutokosa shabaha, na kujua upande ambao hutapiga hata iweje. Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kusisitiza risasi unayoiweza. Nyumbani kwangu kuna pembe moja tu ambayo nyuma yake ni udongo. Familia yangu inajua kwamba kukitokea lolote wao hawakai upande huo.

Nguo nazo zina neno. Mwezi wa Julai jiji hili ni baridi, na hata Januari mtu wa boda boda huvaa jaketi nzito juu ya sweta. Kitambaa kinapojaa ndani ya tundu la kichwa cha risasi, tundu halifunguki tena. Ndiyo maana wapimaji huweka tabaka 4 za jinzi mbele ya jelatini. Tazama matokeo ya jinzi kwanza, ya jelatini tupu baadaye.

Na kisheria, kila risasi inayotoka ina jina lako. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kinapeleka suala la kujilinda kwenye misingi ya sheria ya kawaida ya Uingereza: nguvu uliyotumia ilikuwa ya lazima, na ililingana na hatari iliyokuwapo? Kaa na wakili saa moja umuulize hayo wakati huna kesi.

Hatua ya 6: Zijaribu kwenye bastola yako, kwa mkono wako

Hapa ndipo uamuzi unapofanyika, na hapa ndipo watu wengi hubana pesa. Tenga angalau risasi 50 za aina uliyoichagua. Kama cheti au mfuko hauruhusu, anza na 25, na zinazobaki zipige za mazoezi zenye uzito uleule. Vaa vizibo vya masikio na miwani, msimamizi wa uwanja awepo.

Kwanza, zinapiga wapi? Revolva ndogo ina alama za kulengea zisizorekebishwa, na nyingi zimepangwa kwa kichwa cha greni 158. Kichwa chepesi hutoka mtutuni mapema kabla teke halijainua bastola, kwa hiyo hupiga chini ya ulipolenga. Kizito hupiga juu. Weka karatasi mita 7, egemeza mikono, piga 5 polepole ukilenga nukta moja. Zikianguka kwa upana wa vidole viwili chini, unaweza kuishi na hilo. Zikiwa chini kwa upana wa kiganja, aina hiyo si ya bastola yako.

Pili, je, kichwa kinatoka nje ya ganda? Hili lilinikuta mimi mwenyewe. Nilikuwa na revolva ya alumini na risasi nzito za madini tupu zilizojazwa kwa nguvu. Nilipiga 4, silinda ikagoma kuzunguka. Teke lilikuwa linavuta bastola nyuma kwa kasi, na kichwa cha ile ya 5 kikabaki pale kilipokuwa, kikachomoza kutoka kwenye ganda mpaka kikazuia silinda. Bastola ikawa kipande cha chuma mkononi. Namshukuru Mungu lilinitokea uwanjani.

Kulipima ni rahisi. Chukua risasi moja, ipime urefu kwa kalipa ya venia, uitie alama kwa kalamu ya wino. Ijaze pamoja na nyingine 4, piga hizo 4, toa ile yenye alama, pima tena. Irudishe, rudia na 4 nyingine. Urefu ukiongezeka kwa kiasi cha kuonekana kwa jicho, iondoe aina hiyo kwenye orodha yako. Revolva nyingine nyepesi zina onyo la uzito wa kichwa lililochongwa kwenye mtutu. Lisome, limewekwa kwa sababu.

Tatu, zinawaka zote? Fataki, ile duara ndogo kwenye kitako cha ganda, hutofautiana ugumu kutoka kampuni hadi kampuni. Bastola iliyolainishwa triga na fundi huenda isizipige zote kwa nguvu ya kutosha. Risasi ikikataa kuwaka uwanjani, bakiza mdomo wa bastola kwenye shabaha, hesabu mpaka 30, ndipo ufungue. Moja kati ya 50 ikikataa, tafuta chanzo. Mbili zikikataa, usiibebe hiyo bastola na risasi hizo pamoja mpaka fundi aitazame.

Nne, na hili naliona kuu kuliko yote, wewe mwenyewe unazipigaje? Kipimo changu ni hiki: mita 5, sahani ya chakula, risasi 5 ndani ya sekunde 5, kwa mvuto mrefu wa triga. Zote ziguse sahani. Rudia mara 3. Mvuto wa revolva ndogo ni mzito, mara nyingi kama kilo 5 na zaidi, na ukichanganya na teke kali mtu huanza kushtuka kabla ya mlio. Mwombe mwenzako akujazie silinda, achanganye risasi hai na risasi bandia za mazoezi bila wewe kujua mpangilio. Triga ikiangukia bandia, mdomo wa bastola ukainama, umejiona. Usiwe na haya. Mimi hujifanyia jaribio hili kila mwezi, na miezi mingine nashindwa. Ukishindwa na risasi kali na ukafaulu na laini, jibu umelipata.

Hatua ya 7: Risasi za akiba ziwe rahisi kujazwa

Si lazima zifanane na zilizomo ndani. Mimi naweka vichwa bapa kwenye silinda, na kwenye akiba nabeba aina yenye ncha ya mviringo, yenye tundu, ambayo huteleza kuingia hata vidole vikitetemeka. Hakikisha tu kwamba zote mbili zinapiga karibu na mahali pamoja. Spidiloda, kile kifaa cha kujaza silinda nzima kwa mkupuo mmoja, ni ya haraka ila inatuna mfukoni. Ukanda bapa wa mpira hukaa vizuri pembeni mwa simu. Kumbuka pia kwamba kisukumizi cha maganda kwenye mtutu mfupi ni kifupi, hakitoi ganda lote nje. Elekeza mdomo juu, upande salama, kipige kwa kiganja mara moja kwa nguvu, maganda yadondoke yenyewe.

Hatua ya 8: Zitunze kama kitu kitakachohitajika

Mafuta ni adui wa fataki. Ukishasafisha bastola, kausha silinda kabisa kabla ya kujaza. Usiache risasi kwenye mkanda wa ngozi wiki baada ya wiki, maana ngozi huzaa kutu ya kijani kwenye ganda. Usiziache kwenye gari linaloegeshwa juani kutwa nzima, na bastola yenyewe usiiache humo kabisa. Kila unapotoa na kujaza, zungusha silinda polepole usikilize kama kuna fataki iliyochomoza inayokwaruza.

Nyumbani, isipokuwa mwilini mwako, bastola iwe kwenye sefu iliyofungwa, na funguo isiwe kwenye droo ambayo mtoto ameshawahi kukuona ukiifungua. Ikipotea au kuibwa, hata kama ni risasi peke yake, nenda kituo cha polisi siku hiyohiyo.

Andika tarehe kwenye boksi siku unapozijaza mara ya kwanza. Baada ya mwaka, peleka uwanjani zilezile ulizokuwa ukizibeba, usizitupe wala kuzichanganya na mpya, uzipige zote kwenye sahani ya mita 5 kama ulivyofanya hatua ya 6. Zikiwaka zote, jaza mpya za aina ileile na uandike tarehe nyingine. Ikikataa hata moja, fupisha muda uwe miezi 6, kisha kagua ala yako, jasho lako na mafuta yako mpaka ujue unyevu uliingilia wapi.